Barua ya wazi kwa wakuu wa mji wetu: turudishieni maktaba ya jioni na Jumamosi

Kwa:
Mheshimiwa Meya,
Waheshimiwa Madiwani wa Baraza la Mji,
Wajumbe wa Bodi ya Maktaba.

YAH: KUPUNGUZWA KWA SAA ZA MAKTABA NA MASHARTI MAPYA YA UKUMBI WA JAMII

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wazazi na wafanyakazi tunaoishi ng'ambo ya reli, katika mji huu mdogo wa Georgia. Wengi wetu asili yetu ni Fizi, Baraka na Uvira, tukakulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, tukaingia Marekani katika miaka ambayo Kongo ilikuwa ikiongoza kwa idadi ya wakimbizi wanaopokelewa nchini humu. Katika mwaka wa fedha 2016 peke yake walipokelewa Wakongo zaidi ya 16,000. Kilichotuleta kwenye mji huu ni kiwanda cha kuku. Kilichotufanya tubaki ni watoto wetu kupata shule, makanisa kutufungulia milango, na maktaba.

Mji hatuutaji kwa jina wala hatumtaji mtu. Mnajijua, na majirani wanajua. Hatuna haja ya kumwaibisha yeyote mbele ya watu wasiomfahamu. Madai haya tuliyaleta kwanza kwa Kiingereza, kimya kimya, kwa barua iliyopokelewa dirishani na kugongwa muhuri. Tulipofuatilia tuliambiwa suala liko kwa bodi. Bodi ikasema liko kwa baraza. Ofisi ya baraza ikaturudisha maktaba, ambako wahudumu, watu wema kabisa, walitueleza kwamba wao hawana uwezo wa kubadilisha hata dakika moja. Ndiyo maana leo tunasema hadharani. Na tunasema kwa Kiswahili kwa sababu majirani zetu wanauliza tumewaandikia nini wakuu, na ndugu zetu walio Clarkston, Bowling Green na kwingineko huku Kusini wana haki ya kujua tunachokidai. Nakala ya Kiingereza mnayo mezani.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Saa za maktaba

Hapo awali maktaba ilikuwa wazi hadi saa mbili usiku kwa siku nne za wiki, na Jumamosi hadi alasiri. Sasa inafungwa saa kumi na moja jioni, na Jumamosi haifunguliwi kabisa.

Shifti ya mchana kiwandani inatoka saa kumi na nusu. Mtu akivua gwanda, akanawa, akasubiri lifti ya mwenzake kwa sababu mji huu hauna basi, anafika mjini mlango umeshafungwa. Wa shifti ya usiku wanalala mchana, na lazima walale, maana kazi ya kusimama kwenye laini na kisu mkononi haimsamehi mwenye usingizi. Kwa hiyo saa mlizotuachia ni zile ambazo watu wanaochinja na kukata kuku wa mji huu hawawezi kuzitumia. Hatusemi mlikusudia hivyo. Tunasema hivyo ndivyo ilivyo, na tulipowaeleza hamkujibu.

Taarifa ya bodi ilizungumzia vitabu vinavyoazimwa, kwamba vimepungua. Haikutaja shughuli nyingine zinazofanyika mle ndani, nasi tunaomba kuzitaja.

Jumanne na Alhamisi jioni kulikuwa na darasa la uraia. Lilifundishwa na mwalimu mstaafu, mzaliwa wa mji huu, bila kulipwa senti. Kwa walioomba uraia kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025, mtihani umekuwa mzito: maswali ya kujifunza yametoka 100 na kufika 128, mwombaji anaulizwa 20 badala ya 10, na lazima apatie 12. Katika darasa lile wapo kina mama waliojifunza kusoma wakiwa watu wazima. Kuna mmoja aliyekuwa akirudia majina ya matawi matatu ya serikali huku anashona, mpaka wajukuu wakayashika. Darasa sasa limehamia kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, bila kompyuta wala mashine ya kuchapisha, na nusu ya wanafunzi hawana namna ya kufika huko.

Kuna fomu. Mtu asiye raia akihama nyumba anatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji anwani yake mpya ndani ya siku 10. Msaada wa chakula na bima ya afya ya watoto vinahuishwa kwenye mtandao. Maombi ya kazi hayapokelewi tena kwa karatasi. Mnaweza kusema kila mtu ana simu, na ni kweli tunazo. Lakini jaribuni kujaza fomu ya kurasa nyingi kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja, kwa lugha yako ya nne, huku kifurushi kinaisha. Pale maktaba palikuwa na kompyuta, palikuwa na mhudumu wa kuuliza, na palikuwa na mashine ya kuchapisha kwa senti chache.

Na kuna watoto. Walimu wanatoa kazi za nyumbani zinazohitaji intaneti, na nyumba nyingi za trela kule kwetu hazina. Piteni maegesho ya maktaba usiku wowote wa siku za shule. Mtaona magari yameegeshwa karibu na ukuta, ndani yake watoto wameinamia kompyuta za shule, kwa sababu waifai ya maktaba inafika nje hata baada ya mlango kufungwa. Wazazi waliotoka kazini wamelala kwenye kiti cha dereva. Hao ndio wale ambao taarifa yenu ilisema hawaji maktaba jioni.

Tungependa pia ieleweke kwamba hili si suala la wageni peke yao. Pale ndipo tulipowajua wenyeji. Yupo mzee aliyestaafu jeshini ambaye alikuja kufuatilia madai yake ya matibabu, akawa anawasaidia vijana wetu hesabu. Kina mama wazungu wajane walikuja Jumamosi kubadilishana riwaya na mbegu za mboga. Mmoja wao alitufundisha kupika kola, yale majani mapana ya huku Kusini, naye akaondoka na mbegu za lengalenga. Kanisani kila mtu ana kanisa lake. Kwenye mechi za Ijumaa za shule ya sekondari tunakaa kila kundi upande wake. Maktaba ndiyo meza pekee ya mji huu tuliyoketi pamoja bila kuulizana umetoka wapi, na mmeifunga katika saa ambazo tulikuwa tukiketi.

2. Jinsi uamuzi ulivyopitishwa

Ajenda ilibandikwa kwenye ubao ulio ndani ya ofisi za mji, na jambo lenyewe liliandikwa kama "marekebisho ya uendeshaji". Kikao kilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi.

Sheria ya Georgia ya mikutano ya wazi tumeisoma. Inataka vikao vya baraza na vya bodi viwe wazi kwa umma, ajenda itolewe mapema kadiri inavyowezekana, kikao kisicho cha ratiba ya kawaida kitangazwe angalau saa 24 kabla, na muhtasari uandikwe. Inamruhusu mwananchi kuhudhuria na kurekodi. Haiwalazimishi ninyi kumpa nafasi ya kusema. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba hamkuvunja kifungu chochote. Lakini kiongozi anayechaguliwa na majirani zake hapimwi kwa kile ambacho sheria haikumkataza tu. Mlijua ni nani wanaitumia maktaba jioni. Mngeweza kubandika tangazo kwenye mlango wa maktaba yenyewe, kwenye duka la bidhaa za Kiafrika, kwenye geti la kiwanda. Hakuna aliyefanya hivyo.

Baadaye tuliomba kwa maandishi takwimu za wageni wa maktaba kwa kila saa, zile mlizosema ndizo zilizowaongoza. Sheria ya kumbukumbu za umma inataka ombi la namna hiyo lijibiwe ndani ya siku 3 za kazi, hata kama jibu ni kutaja lini kumbukumbu zitapatikana. Tuliambiwa kwa mdomo tusubiri, na bado tunasubiri.

3. Ukumbi wa jamii

Ukumbi ulio nyuma ya maktaba ulikuwa wa bure kwa kikundi chochote cha wakazi. Sasa kinachotaka kuutumia lazima kilipe ada na kilete cheti cha bima. Vikundi vyenye miaka mingi, vyenye mwanasheria na mweka hazina, vinavyo vyeti hivyo tayari. Kikundi chetu cha kina mama cha kuwekeana fedha hakina. Kwaya haina. Na msiba hauna.

Mtu wetu akifiwa, hata kama marehemu yuko Uvira, watu hukusanyika, hukaa, hupika, huchanga. Nyumba ya trela haiingizi watu sitini. Msimu uliopita familia moja ililazimika kupokea rambirambi uwanjani, kwenye mvua, huku ukumbi uliojengwa kwa fedha ya umma uko mtupu mtaa wa pili. Mfiwa hawezi kwenda kutafuta bima kabla ya kulia.

4. Fedha

Tumesikia ikisemwa, si kwenye kikao bali kwenye maduka, kwamba wageni wanadai huduma wasizozilipia. Tujibu mara moja. Kila mtu anayenunua kitu katika kaunti hii analipa kodi ya mauzo, ikiwemo ile asilimia 1 ya SPLOST, kodi ya kaunti ya miradi maalumu, ambayo Georgia imekuwa nayo tangu 1985 kwa ajili ya majengo, barabara, bustani na maktaba. Unga, mafuta na mchele vimesamehewa kodi ya jimbo, lakini kodi za kaunti zinatozwa hata kwa vyakula hivyo. Kodi ya majengo tunailipa ndani ya pango la kila mwezi. Familia yenye watoto sita inanunua chakula kingi.

Tunajua pia kwamba fedha ya SPLOST hujenga na haiwezi kulipa mishahara ya wahudumu, kwa hiyo msitujibu kwa hilo. Hatukuomba jengo jipya.

5. Lugha

Taarifa zote za mabadiliko haya zilitoka kwa Kiingereza tu, na watoto wa miaka kumi ndio waliowasomea wazazi wao. Afisa mmoja alitueleza kwamba tangu Machi 2025, pale agizo la Rais la mwaka 2000 kuhusu huduma kwa wasiojua Kiingereza lilipofutwa, hakuna tena linalowahusu. Agizo hilo lilifutwa kweli. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 haikufutwa, na ndiyo inayokataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kubagua watu kwa asili ya taifa lao. Ni kwa sheria hiyo Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, kwamba kumweka mtoto darasani bila kumsaidia kuielewa lugha ni kumnyima elimu. Ukurasa mmoja uliotafsiriwa ungetosha. Wapo watu kumi mtaani kwetu ambao wangeutafsiri bure.

Waheshimiwa, kuna jambo ambalo majirani zetu Weusi wazaliwa wa hapa walilijua kabla sisi hatujafika, na ndio waliotusimulia. Albany, mji wa kusini-magharibi mwa jimbo hili hili, ulifunga maktaba yake mwaka 1962 kuliko kuwaruhusu Weusi kuitumia pamoja na wazungu. Ilipofunguliwa Machi 1963, viti vilikuwa vimeondolewa, ili watu wa rangi mbili wasiketi pamoja. Jackson, Mississippi, ulifunga mabwawa ya kuogelea ya umma, na mwaka 1971 majaji watano wa Mahakama ya Juu dhidi ya wanne wakasema mji haukukosea kisheria, kwa kuwa mabwawa yamefungwa kwa wote. Hatuwafananishi ninyi na watu wale. Tunawakumbusha kwamba katika nchi hii mlango uliofungwa kwa wote umewahi kupita mahakamani salama na bado ukawaumiza watu walewale, na wazee wa mji huu wanaoona maktaba imefungwa jioni wanakumbuka mambo ambayo ninyi pengine hamkuyafikiria mlipoinua mikono.

Upo mfano mwingine, wa karibu zaidi na hali yetu. Clarkston, karibu na Atlanta, ni mji mdogo wa zamani wa reli uliopokea wakimbizi tangu karne iliyopita. Mwaka 2006 timu ya watoto wakimbizi ilizuiwa kucheza soka kwenye bustani ya mji. Baraza liliwapa watoto uwanja, na habari hiyo gazeti la New York Times liliiandika Januari 2007, nchi nzima ikaisoma. Leo mji huo unajivunia wageni wake. Kanisa la Kibaptisti la pale, lililokuwa likipungukiwa waumini, lilifungua milango kwa wageni na sasa linaitwa Clarkston International Bible Church. Duka la Thriftown lilianza kuweka kwenye rafu vyakula ambavyo wageni wanavijua, likaendelea kuishi. Walibadilika bila kuacha kuwa mji wa Kusini.

Tunazijua hoja mtakazotujibu.

Mtasema bajeti. Sawa. Hatuombi saa zaidi, tunaomba saa zihamishwe. Siku mbili za wiki maktaba ifunguliwe saa sita mchana hadi saa mbili usiku badala ya saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja. Ni saa nane zilezile na mishahara ileile. Kwa ajili ya Jumamosi, fungeni Jumatatu asubuhi, ambapo hata wahudumu wanasema hakuna mtu.

Mtasema usalama wa mhudumu anayebaki usiku peke yake. Hoja hii tunaiheshimu kuliko zote, maana wahudumu ni kina mama na nasi tuna mabinti wanaofanya kazi usiku. Wawe wawili. Gari la sherifu lipite saa ya kufunga. Sisi tuko tayari kupanga zamu ya wazazi watakaokaa mpaka taa izimwe na mhudumu afike kwenye gari lake.

Mtasema kadi ya PINES inampa mtu haki ya kutumia maktaba za umma karibu jimbo zima, kwa hiyo twende kaunti jirani. Kadi tunayo. Basi hatuna.

Na wapo watakaosema, hata kama si kwa sauti, kwamba hatupigi kura. Wengine wetu tayari ni raia na wanapiga. Wengine wana grini kadi na wanahesabu miaka mitano. Watoto wetu waliozaliwa katika hospitali ya kaunti hii ni Wamarekani tangu pumzi ya kwanza. Lakini hata asingekuwepo mpiga kura mmoja miongoni mwetu, mliapa kuutumikia mji, na mji ni wakazi wake.

Basi tunaomba yafuatayo, na tunaomba yajibiwe kwa maandishi kabla ya kikao cha baraza cha mwezi ujao. Maktaba iwe wazi jioni mbili za wiki na Jumamosi, kwa mpango wa kuhamisha saa tuliouandika hapo juu, kwa majaribio ya miezi sita, huku wageni wakihesabiwa kila saa na hesabu hiyo ikibandikwa mlangoni. Ukumbi urudi kuwa bure kwa misiba na kwa madarasa yasiyolipisha, bila cheti cha bima. Takwimu tulizoomba zitolewe. Kikao kimoja kati ya vikao vya kila robo mwaka kifanyike jioni, na ajenda yake ibandikwe maktaba kwa Kiingereza, Kihispania na Kiswahili. Na nafasi itakayofuata kuwa wazi kwenye Bodi ya Maktaba ipewe mkazi wa ng'ambo ya reli. Kuhusu nafasi hiyo hatuna jina la kuwashinikiza. Wapo wengi wanaofaa, wakiwemo wenyeji walioishi huko kabla yetu.

Kikao kijacho tutahudhuria. Waliopewa ruhusa kazini watakuja na sare zao za kiwandani, kwa sababu hawatakuwa na muda wa kubadilisha. Mwalimu wa darasa la uraia amekubali kuja, na mzee wa jeshi pia. Mkalimani tutakuja naye wenyewe. Tunaomba tuandikiwe dakika kumi kwenye ajenda, na kama kumi ni nyingi, tupeni tano.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Wazazi na wafanyakazi wa ng'ambo ya reli